Magari Yapandapo Mlima: Habari za Mbio Zilizopita Arusha

Msafiri atokaye Namanga kuja Arusha huanza safari yake katika nyika kavu ya Longido, ambako barabara imenyooka na migunga imetawanyika huku na huku, hata akaribiapo Oldonyo Sambu huhisi ardhi ikiinuka pole pole chini ya magurudumu, hewa ikipoa, miiba ikipisha mashamba ya mahindi na maharage, na bega la Mlima Meru, ambao kilele chake kimefika mita 4,566 juu ya usawa wa bahari, likijitokeza upande wa kushoto na kuziba sehemu kubwa ya mbingu. Dereva wa leo hupanda hapo bila ya kukatiza mazungumzo yake, kwa kuwa lami ni laini na injini ina nguvu za kutosha. Walakini barabara hiyo, pamoja na nyingine zizungukazo mlima na zile zipandazo kuta za Bonde la Ufa upande wa magharibi, zilikuwa zamani njia ya mashindano yaliyowatoa watu majumbani na makazini wakajipanga kando ya barabara, Waarusha na Wameru, Wahindi wenye maduka, walowezi wenye mashamba, makarani, wachukuzi na wanafunzi, wote wakingoja kuona jambo moja tu, nalo ni gari likishindana na kilima.

Mchezo wa kushindanisha magari katika kupanda mlima una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1897, wakati magari yenyewe yalipokuwa bado ni ajabu ya dunia, Wafaransa waliyashindanisha kutoka Nice, mji wa pwani, hadi La Turbie mlimani. Mwaka 1905 Waingereza wakafungua njia yao ya Shelsley Walsh, fupi mno lakini kali, ambayo ingali inatumika. Na mwaka 1916 Wamarekani wakaanza kuupanda Pikes Peak katika Colorado, ambako mwisho wa mbio ni mita 4,302 juu ya bahari. Mtu asimamaye hapo akashangilia mshindi huwa angali chini ya kilele cha Meru kwa mita 264. Meru haukupata kamwe barabara ya gari hadi kileleni, na kwa maoni yangu ni heri iwe hivyo, kwa sababu msitu wake na maji yatokayo ndani yake vina thamani kuliko tafrija ya siku moja. Basi mbio za mlima peke yake, zilizo na chanzo bondeni na mwisho kileleni, si zetu kwa asili. Sisi tuliletewa kitu kigumu zaidi: mlima uliowekwa katikati ya safari ya maelfu ya kilomita, ukamkuta dereva hajalala, gari limekwisha kulegea maungo, na mvua ya masika inanyesha.

Tangu mwanzo gari katika nchi hizi lilikuwa ni chombo cha mashaka. Luteni Mjerumani, Paul Graetz, alipotoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 kwa nia ya kuvuka bara hadi Swakopmund katika pwani ya magharibi, alifika huko tarehe 1 Mei 1909, na katika muda huo wa karibu miezi ishirini na moja gari lake lilikuwa mara nyingi likivutwa na watu na wanyama kuliko lilivyowavuta wao. Arusha wakati huo ilikuwa ngome ya Wajerumani, Boma lililojengwa mwaka 1900, na vijumba vichache kulizunguka. Reli yenyewe haikufika mjini hadi mwaka 1929. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtu aliyesema kwamba atashindanisha magari ya kawaida, yale yale yauzwayo madukani, katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, usiku na mchana, alionekana ama ni shujaa ama ana wazimu.

Aliyesema hivyo alikuwa Eric Cecil wa Nairobi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kisiasa na ya adabu: malkia mpya wa Uingereza, Elizabeth wa Pili, alikuwa anatawazwa tarehe 2 Juni 1953, na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kikataka kuiadhimisha siku hiyo. Mashindano yakaitwa Coronation Safari, yakafanyika tangu tarehe 27 Mei hadi 1 Juni. Neno letu la safari likaingia hivyo katika mchezo wa magari wa dunia nzima, na halijatoka. Kanuni moja ya mwanzo yastahili kutajwa, maana ilikuwa na insafu ndani yake: magari yaligawanywa katika makundi kwa bei yake, si kwa ukubwa wa injini, ili mwenye gari la bei ndogo asishindanishwe na tajiri. Mwaka ule wa kwanza hapakuwa na mshindi mmoja wa jumla. Mwaka 1954 alipatikana, Vic Preston pamoja na D. P. Marwaha, katika Volkswagen ndogo yenye injini nyuma, na mwaka uliofuata wakashinda tena katika Ford Zephyr.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa historia ya mbio hizi imeandikwa aghalabu na watu waliokuwa ndani ya magari, nao hawakupata nafasi ya kuwauliza waliokuwa nje ni akina nani. Mwezi wa Novemba 1951, yaani mwaka mmoja na nusu kabla ya magari ya kwanza kupita, serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao elfu tatu katika ardhi ya Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zikachomwa moto, na mifugo ikasukumwa nyikani. Wameru wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York akaeleza dhuluma hiyo, jambo ambalo hakuna mwananchi wa Tanganyika aliyepata kulifanya kabla yake. Baraza lilisikiliza; ardhi haikurudishwa wakati ule. Basi yalipokuja magari yakipepea heshima za kutawazwa kwa malkia, yakapita mbele ya watu ambao jina la mfalme aliyemtangulia malkia huyo lilikuwa limetumika kuwafukuza. Anayedhani kwamba walitazama kwa ujinga na kupigwa na bumbuwazi tu, hawajui watu wa Meru. Walitazama kwa sababu ilikuwa kazi nzuri ya kutazamwa, na barabara ilipita kwao.

Na namna ya kuzitazama mbio hizo ilikuwa elimu yenye taratibu zake. Hapakuwa na tiketi, jukwaa, wala kamba ya kumzuia mtu. Mashindano yalihamishiwa siku za Pasaka, nazo Pasaka katika kaskazini ya Tanzania huangukia masika. Kwa hiyo mtazamaji alitoka nyumbani na mwavuli au gunia la kujifunika kichwa, mahindi ya kuchoma, na subira. Wajinga walisimama mahali palipo tambarare, ambapo gari hupita kwa kishindo, likamrushia mtu tope usoni na kutoweka kabla hajasoma namba yake. Wenye maarifa walikwenda kilimani. Kilimani gari hulazimika kupunguza mwendo, dereva huonekana uso wake, na kila kosa la mkono au la mguu hudhihirika mbele ya halaiki. Husikika kwanza mlio kutoka mbali, ukipanda na kushuka kwa kadiri ya kona. Kisha mwanga wa taa hupita juu ya migomba. Halafu injini hubadilika sauti dereva ashushapo gia, na hapo ndipo wazee waliokuwa wakifanya kazi katika magereji ya mjini walipotoa hukumu kabla gari halijatokea: huyu atapita, huyu amechelewa kubadilisha, huyu anakwama.

Aliyekwama alikuwa ndiye raha ya siku. Magurudumu yalizunguka pale pale yakichimba, tope likaruka nyuma mita kadhaa, na msoma ramani akateremka mbio, suruali zimekunjwa, akaruka juu ya bamba la nyuma la gari, akashika vishikio vilivyofungwa hapo makusudi, akawa anajirusha juu na chini ili uzito wake uyabanie magurudumu ardhini. Ikishindikana, waliitwa watazamaji. Sijui kama pana mchezo mwingine wa heshima kubwa duniani ambamo mtazamaji huingia uwanjani akatia bega lake na mchezo ukaendelea bila ya mtu kulalamika. Lakini katika Safari, watu wa vijijini waliyasukuma magari kwa mamia katika miaka hiyo yote, wengine kwa hisani, wengine kwa ujira wa shilingi, na wengine, ni lazima tuseme kweli, baada ya kulipalilia tope wenyewe ili ujira upatikane. Walikuwapo pia watoto watukutu waliorusha mawe. Fedheha hiyo madereva waliilalamikia kwa haki.

Ufundi wenyewe wa kupanda una siri tatu, na mtazamaji azijuaye huona mengi zaidi. Ya kwanza ni hewa. Kila gari lipandapo mita elfu moja, hewa huwa nyembamba, na injini isiyo na kifaa cha kusukumiza hewa hupoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Kabureta iliyopimwa Mombasa au Dar es Salaam, ikifika Arusha, mji ulio mita kama 1,400 juu ya bahari, humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, injini ikakohoa moshi mweusi. Ya pili ni uzito. Gari liendeshwalo na magurudumu ya nyuma, nayo injini imekaa mbele, mkia wake huwa mwepesi na hutelezea shimoni. Lakini ile Volkswagen, iliyobeba injini juu ya magurudumu yale yale yasukumayo, ilipanda tope ambalo magari ya bei mara tatu yake yalishindwa, na hiyo ndiyo sababu ikashinda mwaka 1954, tena 1957, tena 1962. Ya tatu ni moyo wa dereva. Kilima chenye utelezi hakitaki nguvu nyingi, hutaka mwendo usiokatika: akiongeza mafuta magurudumu yatazunguka bure, akipunguza gari litasimama, na likisimama halitaanza tena. Katika nchi tambarare fedha ya kiwanda hununua kasi. Mlimani hununua kidogo mno.

Kati ya vilima vyote vya kaskazini, hakuna kilichotajwa kwa hofu kama Magara. Mahali hapo leo pamo katika Mkoa wa Manyara, ambao ulizaliwa mwaka 2002, lakini wakati wa mbio zile palikuwa pakitawaliwa kutoka Arusha, na watu wa Arusha hupahesabu kuwa pao katika habari hizi. Barabara huacha njia ya Babati pale Mbuyu wa Mjerumani, hukata uwanda wa Ziwa Manyara, huvuka mto, kisha huparamia ukuta wa Bonde la Ufa hadi nchi ya juu ya Mbulu, kwa Wairaqw, ikipanda mamia ya mita katika kona zilizobanana, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Katika kiangazi ilikuwa njia ya vumbi na mawe. Katika masika udongo wake uligeuka sabuni. Madereva waliofika hapo usiku, mvua ikinyesha, waliyakuta magari ya wenzao yamepangana katika kona, mengine yameelekea yalikotoka, na kila aliyepunguza mwendo kwa kuwakwepa akawa naye amejiunga na safu yao. Adhabu ilikuwa pointi moja kwa kila dakika ya kuchelewa katika kituo. Saa tatu katika tope la Magara zilikuwa pointi mia na themanini, na ndoto ya mwaka mzima imekwisha.

Mwaka 1963 ndio ulioleta masimulizi makubwa. Magari 84 yaliondoka Nairobi, saba yakarudi. Mvua ilikuwa imeivunja nchi, mito imefurika, vilima vimekuwa maporomoko ya tope, na madereva mashuhuri wa Ulaya, ambao viwanda vilikuwa vimewaleta kwa gharama ili wawafundishe wenyeji, wakafundishwa wao. Mshindi alikuwa Nick Nowicki, mkazi wa Kenya mwenye asili ya Poland, pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Kwa watu wa Meru, Mpolandi hakuwa mgeni kabisa: wakati wa vita kuu ya pili kambi ya Tengeru, chini ya mlima, ilikuwa imewahifadhi wakimbizi wa taifa hilo wapatao elfu tano, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi yao yangalipo mpaka leo. Sina haja ya kumhusisha Nowicki na kambi hiyo. Lakini gari lake halikusahauliwa: Peugeot 404 iliyopita mwaka ule ikawa gari la sifa nchini kwa miaka ishirini iliyofuata, gari la mabwana mifugo, madaktari na mapadri, na watu walioliona likipanda hawakuhitaji tangazo la biashara.

Mwaka uliofuata, Mswidi Erik Carlsson, mtu wa miraba minne aliyeendesha Saab ndogo yenye injini ya kelele nyingi, alikwama katika tope, akatafuta njia ya kutoka, asiione. Akalipindua gari lake ubavu kwa ubavu mpaka likaangukia mahali pakavu, akaingia akaendelea na safari, akamaliza wa pili. Waandishi wa magazeti walipokataa kumsadiki, yeye na msoma ramani wake, Gunnar Palm, walilipindua tena mbele ya macho yao. Mimi nalisadiki jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa kila mtu aliyelelewa karibu na barabara ya udongo amepata kuona watu wakilipindua gari kwa mikono. Kilichokuwa kigeni ni kwamba mwenye gari ndiye aliyeanza.

Kisha ukaja mwaka 1965. Joginder Singh, fundi wa magari mzaliwa wa Kericho, alipata kwa kura namba moja, maana yake atangulie mbele ya wote, aifungue njia, asiwe na alama ya gurudumu la mwenziwe ya kumwonyesha wapi pana shimo. Pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika, alitoka wa kwanza, akapita wa kwanza, akarudi wa kwanza. Watu wetu, ambao humwita kila mwenye kilemba cha dini ile Singasinga, walimtambua toka mbali. Ushindi wake ulikuwa na maana kwa mtazamaji kuliko wa tajiri yeyote, kwa sababu huyu alikuwa fundi, mtu wa spana na grisi, na kila karakana ya Arusha ilikuwa na mtu wa namna yake. Baadaye akashinda tena mwaka 1974 na 1976.

Tanzania yenyewe ilipata zamu yake kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Dar es Salaam, ambao walishinda mwaka 1966 kwa Peugeot 404 na wakarudia mwaka 1967. Ushindi huo wa pili ulikuja katika majuma ambayo jina la Arusha lilikuwa vinywani mwa watu wote kwa sababu nyingine. Tarehe 5 Februari 1967 lilikuwa limetangazwa Azimio la Arusha, lililomtaka kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha wala mshahara zaidi ya mmoja. Na neno la wabenzi, la kuwasuta wakubwa wapendao magari ya Mercedes, lilikuwa linatumika hadharani. Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 26 Machi. Vijana wa nchi walikuwa wakianza matembezi ya miguu ya kuliunga mkono Azimio, na mwezi wa Oktoba Mwalimu Nyerere mwenyewe akatembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Hivyo mwaka mmoja huo nchi ilikuwa na bingwa wa kwenda mbio kwa gari na Rais wa kwenda kwa miguu, na barabara zikashuhudia yote mawili. Baadhi ya watu waliuliza kwa nini taifa la wakulima lipoteze petroli kwa mchezo wa wenye nacho. Swali lilikuwa halali. Jibu nililolisikia kwa wazee wengi ni kwamba mchezo huo ndio pekee uliowafuata wakulima mlangoni, bure, wakati mipira ya fainali ilichezwa mbali na kwa kiingilio.

Mwaka 1968 mambo ya 1963 yalijirudia kana kwamba yamepangwa: magari 93 yaliondoka, saba yakamaliza, na wa kwanza wao akawa tena Nowicki na Cliff, tena katika Peugeot 404. Baada ya hapo zikaja enzi za Datsun, na Edgar Herrmann akashinda mara mbili, 1970 na 1971. Mwaka 1972 Mfini Hannu Mikkola, pamoja na Palm yule yule wa Carlsson, akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alilingana pointi na Harry Källström, wakatenganishwa kwa kutazamwa nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Ndipo mbio zikatuhama. Katikati ya miaka ya 1970 zilikuwa zimekwisha kuwa za Kenya peke yake. Urafiki wa nchi tatu ulikuwa unachakaa, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, Namanga ikanyamaza hadi Novemba 1983. Watoto wa Oldonyo Sambu waliozaliwa miaka ile walikua wakiambiwa habari za magari yenye namba milangoni bila ya kuyaona. Wakati huo huo upande wa pili wa mpaka mchezo ulizidi kukua, na mwaka 1983, Ari Vatanen wa Finland alishinda Safari katika Opel. Miaka mitano baadaye, mwaka 1988, mtu huyo huyo akaupanda Pikes Peak katika Peugeot 405 na kuuvunja muda uliokuwapo, mkono mmoja ukishika usukani na mwingine ukikinga jua machoni, katika filamu ambayo hutazamwa mpaka sasa. Humo waonekana umoja wa mambo haya: aliyefuzu masomo ya tope la Afrika aliupanda mlima wa Marekani kwa vumbi, na hakuona ugeni.

Tangu mwaka 2003 mashindano ya magari ya kale, yale ya Safari Classic, yameirudisha mara kwa mara sauti ya Datsun, Escort na Porsche za zamani katika barabara za Tanzania, Arusha ikiwamo. Nayo Safari ya Kenya ikarudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikafanyika pande za Naivasha. Vijana wa Arusha huenda huko kwa mabasi, kisha hurudi kuendesha na kutazama rali za hapa nyumbani, katika vumbi la Monduli na mashamba yaliyo chini ya Meru. Magara nako pamebadilika. Mto una daraja jipya, na kona mbaya zimemwagiwa zege, ili mkulima wa Mbulu ashushe vitunguu saumu na viazi vyake bila ya kulala njiani. Sitamwelewa mtu atakayelisikitikia jambo hilo kwa ajili ya mchezo.

Linalonisikitisha ni jingine. Picha nyingi za mbio zile zimo katika vitabu vya Ulaya, na katika kila picha, nyuma ya gari lililochafuka, wamesimama watu wetu, mashuka na makoti ya mvua, vinywa wazi, mikono imeinuliwa, wala hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina. Wale waliokuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1963 sasa wamevuka sabini. Wenye kukumbuka waulizwe na wajukuu wao wangali hai, nayo majibu yaandikwe. Boma la Wajerumani limekuwa jumba la makumbusho, na lina nafasi ya kuyahifadhi.

Na kwa anayetaka kwenda kutazama rali ijayo, nina neno la mwisho, kwa sababu magari ya sasa yana kasi ambayo baba zetu hawakuijua. Mwaka 1986, katika Ureno, gari moja liliacha njia likaingia katika umati uliokuwa umeibana barabara, watu watatu wakafa, na mwaka ule ule aina ile ya magari ikaamuliwa ipigwe marufuku. Basi achague kilima, kama walivyofanya wenye maarifa wa zamani, lakini asisimame nje ya kona, ambako gari lililoteleza huelekea. Asimame ndani ya kona, juu ya ukingo, mahali palipoinuka kuliko barabara, na nyuma yake pawe na nafasi ya kukimbilia. Watoto wakae mbele ya macho yake. Mbuzi wafungwe.